Nasaba Katika Nchi ya Kyela

Mgeni afikapo katika nyumba ya wazee kaskazini ya Ziwa Nyasa, katika nchi ya Kyela, aghalabu swali la kwanza haliwi juu ya kazi yake wala mshahara wake. Huulizwa, "Wewe ni wa nani?" Swali hili ni fupi, na kwa kijana jibu lake ni jepesi. Hutaja jina la baba yake, na lile Mwa- lililo mwanzoni mwa jina humtambulisha mara moja kuwa Mnyakyusa, hata akiwa Dar es Salaam, Lusaka au London. Lakini mzee akiuliza tena, "Na huyo ni wa nani?" jibu huanza kuwa zito, na akiuliza mara ya tatu, vijana wengi hunyamaza. Kimya hicho si aibu ya mtu mmoja. Nasaba ni elimu kama elimu nyingine. Ina walimu wake, ina hazina zake, ina mitego yake, na asiyefundishwa hawezi kuijua.

Wako wanaodhani kuwa elimu hii ni mali ya mataifa yenye maandishi ya kale peke yao. Hutolewa mfano wa Uskoti, nchi ambayo habari zake zimefungamana na habari za ziwa hili tangu siku za Livingstone. Huko mtafutaji wa nasaba huanza kazi yake katika parokia ya shamba. Baraza la makasisi la mwaka 1552 liliagiza ubatizo na matangazo ya ndoa viandikwe, na kitabu cha zamani kuliko vyote vilivyosalia, cha parokia ya Errol, kilianza mwaka 1553. Tangu mwaka 1855 serikali yenyewe ilishika kazi ya kuandika kila kuzaliwa, kila ndoa na kila kifo. Na katika habari za kifo hutajwa baba na mama wa marehemu, mama kwa jina la ukoo alikozaliwa. Kwa hiyo mjukuu akipata karatasi moja ya mazishi hupata milango miwili ya kuingilia, wa kuumeni na wa kukeni. Walakini hata huko vitabu vina mapengo. Makasisi wengine hawakuandika, vitabu vingine vilioza au viliungua, na watu waliojitenga na kanisa la nchi mara nyingi hawakuingizwa.

Katika parokia moja ya namna hiyo, Penpont, alizaliwa mwaka 1858 Joseph Thomson, msafiri aliyefika pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 21, pamoja na msafara ulioongozwa na Chuma, yule aliyekuwa amemtumikia Livingstone. Thomson aliisifu sana nchi ya migomba aliyoiona chini ya milima. Mtu atakaye leo kujua wazazi wa Thomson atawapata bila taabu. Mtu atakaye kujua majina ya wenyeji waliomtazama akipita hatayapata katika karatasi yoyote. Lakini ni kosa kusema kwamba wenyeji hao hawakuwa na kumbukumbu. Walikuwa nazo, ila hawakuziweka mahali pale Waskoti walipoziweka zao.

Sababu ya kwanza ni nchi yenyewe. Kyela ni uwanda ulio kati ya ziwa na vilima vya Rungwe, na mashariki yake Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta unaotumbukia majini. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa nguvu, na mvua ya mwaka hupita milimita 2000. Mpunga, migomba, michikichi na mikakao husitawi, karatasi hazisitawi. Nyumba za zamani zilijengwa kwa mianzi na udongo, zikapendeza sana, lakini hazikuacha magofu. Makaburi yalichimbwa karibu na nyumba, na nyumba zilipohama migomba ikayafunika. Kilichodumu ni miti iliyopandwa kwa makusudi, na machaka ya mazishi ya wakuu ambayo hakuna aliyethubutu kuyakata. Kwa hiyo mzee wa Kyela akitaka kusema babu fulani aliishi wapi, hatafuti jiwe lenye maandishi. Hunyosha kidole kwenye mti.

Sababu ya pili ni mpango wa maisha. Katika nchi nyingi wana hujenga kando ya baba yao, na kijiji chenyewe kikawa kama mti wa nasaba. Wanyakyusa wa zamani hawakufanya hivyo. Wavulana wa umri wa miaka kumi hivi waliondoka penye nyumba za wazazi wao wakajenga vibanda pamoja na wenzao wa rika moja, wakirudi kwa mama zao kula tu. Kijiji hicho kilikua pamoja nao; wakaoa humo, wakazeeka humo. Na kila kizazi kimoja kilipokomaa, ilifanyika sherehe kubwa iitwayo ubusoka, ambayo kwayo wazee walikabidhi utawala na ardhi kwa wana wao. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti katika nchi hii kati ya mwaka 1934 na 1938 wakisaidiwa na karani na mkalimani wao Leonard Mwaisumo, waliueleza mpango huo kwa urefu, na kitabu cha Monica cha mwaka 1951, Good Company, kiliufanya ujulikane ulimwenguni. Uhaba wa ardhi na mabadiliko ya karne ya ishirini yameuondoa, lakini matokeo yake kwa mtafutaji wa nasaba yamebaki. Majirani wa babu yake walikuwa rafiki zake, si ndugu zake. Ndugu walitawanyika, kilichowaunganisha ni ng'ombe wa mahari waliotoka kwa mmoja wakaingia kwa mwingine. Ajuaye ng'ombe hao walikopita ajua ukoo ulikopita.

Sababu ya tatu ni urithi. Mtu alipokufa, desturi ilimtazama kwanza mdogo wake wa tumbo moja kuwa mrithi kabla ya mwanawe. Mrithi alishika ng'ombe, alishika wajane, alishika watoto, na watoto walimwita tata, yaani baba, kama walivyomwita tangu mwanzo, kwa kuwa ndugu wa baba naye ni baba. Hapo hapakuwa na udanganyifu wowote. Lakini mjukuu aulizapo, "Baba wa babu yangu alikuwa nani?" aweza kupewa majibu mawili yaliyo kweli yote mawili. Katika nyumba za wakuu mtego huu ni mkubwa zaidi, kwa sababu cheo kilikuwa jina. Kyungu wa Ngonde alipokufa, aliyemfuata alikuwa Kyungu. Lwembe wa Lubaga alipokufa, aliyemfuata alikuwa Lwembe. Masimulizi yakisema "Lwembe alifanya hivi", msikilizaji lazima aulize ni Lwembe yupi, la sivyo atawafanya watu wengi kuwa mtu mmoja mwenye umri wa kupita kiasi.

Sababu ya nne ndiyo inayowashangaza wageni. Mke wa Kinyakyusa hakuruhusiwa kulitamka jina la baba mkwe wake. Hata maneno ya kila siku yaliyofanana kwa sauti na jina hilo aliyaepuka akayawekea mengine. Na msamiati huo wa staha wajulikana kwa jina la ingamwana. Heshima hii imepungua sana katika siku hizi, lakini wako bibi vizee ambao bado huishika. Basi fikiri, msomaji: mtu ajuaye habari za ukoo kuliko wote katika nyumba nyingi za Kyela ni bibi aliyeolewa humo, kwa kuwa wanawake huishi sana na huhudhuria mazishi yote, na mtu huyo ndiye aliyefungwa ulimi kwa jina lile lile mjukuu alitafutalo.

Maandishi nayo yalikuja, lakini yalikuja kwa vipande. Wamoravia walijenga Rungwe mwaka 1891, na katika miaka iliyofuata wakawa na kituo Ipyana, karibu na ziwa. Misheni ya Berlin iliingia mwaka huohuo wa 1891, ikapata kuwa na vituo Ikombe na Manow. Mtu wa kwanza kubatizwa Rungwe, mwaka 1897, alikuwa mwanamke aitwaye Fiabarema, naye akachukua jina jipya lenye maana ya kwamba amempata Bwana. Tangu hapo mtu mmoja aliweza kuwa na jina la kuzaliwa, jina la ubatizo na jina la rika lake, na kila kitabu kikachagua lake. Wamisheni wa Kijerumani walipoondolewa wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, Waskoti wa Livingstonia walisimamia kazi yao mpaka katikati ya miaka ya 1920. Kwa sababu hiyo karatasi za uwanda huu mdogo leo zimelala mbalimbali: nyingine Herrnhut na Berlin huko Ujerumani, nyingine Edinburgh katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, nyingine Cape Town pamoja na maandishi ya akina Wilson, nyingine Dar es Salaam katika Nyaraka za Taifa, na nyingine katika kabati ya mchungaji wa usharika, zikisubiri mchwa. Ongeza vitabu vya kodi, ambamo karani aliandika jina la yule aliyeitwa baba siku ile. Ongeza pia wanaume waliokwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, na ya Afrika Kusini, na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wakaandikwa kwa majina waliyoyatoa mlangoni.

Juu ya hayo yote kuna mpaka. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yaliufanya mto Songwe kuwa mpaka wa dola mbili, na hivi leo watenganishwa nao Tanzania na Malawi. Lakini Wanyakyusa wa ng'ambo hii na Wangonde wa Karonga husikilizana lugha, na nyumba zao za kitawala husimulia kwamba wazee wao walishuka pamoja kutoka milima ya Ukinga. Mto wenyewe haukuuheshimu mpaka huo. Umehama mkondo wake mara kadhaa kwa mafuriko, shamba lililolala upande mmoja likaamkia upande wa pili.

Faida ya elimu hii haionekani vema ila inapohitajiwa. Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa Kyela alimpenda binti wa Karonga. Walikutana Kasumulu, penye forodha, ambako kijana alikuwa na biashara ya mchele na binti alikuwa amekuja pamoja na dada yake kununua. Majina ya koo zao yalikuwa mbalimbali, nchi zao mbalimbali, na hakuna aliyeona kizuizi. Posa ilipopelekwa, wazee wa binti walipokea kwa furaha, kisha mmoja wao akasema kwamba babu wa binti hakuwa mzaliwa wa Karonga. Alivuka Songwe akiwa kijana, katika miaka ya 1930, akitokea upande wa Kyela. Wazee wa kijana waliposikia hayo hawakukataa posa. Walisema tu kwamba ng'ombe wasubiri. Katika ukoo huo ilishikwa kuwa wenye babu mkuu mmoja hawaoani.

Kijana alikuwa na haraka, na haraka yake ilimfanya kuwa mtafiti. Alianza na vyeti vya nyumbani. Kadi ya kodi ya babu yake ilitaja jina la baba, nalo ndilo jina la ukoo alilolichukua yeye mwenyewe. Halikufanana na jina la upande wa binti. Akafurahi. Shangazi yake, aliyemwonea huruma, akamwambia, "Mwanangu, usifurahie kadi. Kadi yaandika nani aliyelipa." Akamwelekeza kwa mchungaji. Katika kitabu cha ubatizo, kilichokuwa kimeliwa pembeni, lilipatikana jina la babu, na mbele yake jina la baba; na jina hilo halikuwa lile la kadi. Lilikuwa jina la upande wa binti.

Jina moja peke yake si ushahidi. Katika Kyela watu wengi huitwa jina moja pasipo kuwa na udugu. Ilibaki kumwuliza aliyejua, na aliyejua alikuwa bibi, mjane wa babu yule, mwenye miaka zaidi ya themanini. Kijana alifika asubuhi, akapiga goti, akaamkia, "Ugonile, bibi." Akaeleza haja yake yote bila kuficha. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mjukuu wangu," alisema, "waniuliza jina nisilolitia kinywani tangu nilipoletwa katika nyumba hii. Sitalitamka kwa ajili ya arusi yako, wala kwa ajili ya mazishi yangu."

"Basi bibi, nikilitamka mimi?"

"Wewe ni mjukuu. Wewe huna mwiko."

Kijana akalitaja kwanza jina la kadi. Bibi akatazama chini, akasema, "Huyo alimlea babu yako, na ng'ombe wake ndio walionileta hapa. Mtendee heshima." Ndipo kijana akalitaja jina la kitabu cha kanisa. Bibi akageuza uso, akajivuta khanga hadi machoni, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Huyo sikumwona kwa macho. Alikufa babu yako akiwa mtoto mdogo, na mdogo wake akairithi nyumba. Alilala kule penye mti ule mkubwa, kabla migomba haijapandwa. Alikuwa na mwana mwingine, mkubwa, ambaye hakupatana na mrithi juu ya ng'ombe. Mwana huyo aliondoka, wakasema amevuka mto. Mama mkwe wangu alimlilia mpaka alipokufa."

Hapakuhitajiwa ushahidi zaidi. Kadi ilisema kweli, kwa maana ilimtaja baba aliyelea; kitabu cha kanisa kilisema kweli, kwa maana kilimtaja baba aliyezaa; na yule aliyevuka Songwe alikwenda na jina la mzazi wake kwa kuwa alilikataa la mrithi. Kijana na binti walikuwa wajukuu wa ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja.

Posa ilirudishwa. Wako waliosema kwamba damu ya vizazi vitatu ni mbali, kwamba serikali haikatazi, na kwamba vijana wangeweza kwenda mjini wakaoana bila kuuliza mtu. Vijana wenyewe walilisema hilo, na hapana haki ya kuwalaumu. Lakini binti ndiye aliyekata shauri. Alisema kwamba mama yake alikuwa ameishi miaka yote akiambiwa kuwa baba yake hana kwao, na sasa kwao kumepatikana. Hakutaka kupafunga mahali hapo siku ile ile palipofunguliwa. Mwaka uliofuata wazee wa Karonga walivuka mto, wakaonyeshwa mti. Bibi aliwapokea kwa mikono miwili akasema, "Ndaga fijo," wala hakusema jina. Kijana hakuhudhuria. Alikuwa amekwenda Mbeya kwa biashara yake, na watu walielewa.

Katika habari hii liko jambo la kuwafaa wanafunzi na wataalamu. Watu wengi hudhani kwamba kutafuta nasaba ni kutafuta sifa, kama kwamba mwisho wa kila safari kuna babu aliyekuwa mfalme. Vitabu vya wataalamu vimelikuza kosa hilo bila kukusudia, kwa kuwa viliandika zaidi nasaba za wakuu. Mwaka 1939 Godfrey Wilson alitoa kitabu chake juu ya utawala wa Ngonde, na humo msomaji atawapata akina Kyungu. Hatampata mkulima wa mpunga wala mvuvi. Nasaba ya mkulima haina mwandishi, na hiyo ndiyo inayowahusu watu walio wengi. Nayo hailipi sifa. Hulipa ukweli, na ukweli huja na vyote ulivyovibeba: ugomvi wa ng'ombe, mtoto aliyekwenda asirudi, mama aliyelia.

Tena, kimya cha bibi yule hakikuwa ujinga wala ukaidi, bali kumbukumbu kwa namna yake. Mtu asiyetamka jina kwa miaka sitini hulikumbuka kila siku, kwa kuwa kila siku lazima alikwepe. Mtafiti aliyekuja na karatasi ya maswali angaliandika kwamba bibi hajui, akaondoka. Kijana alipata jibu kwa kuwa alijua nani amefungwa na nani amefunguliwa, akalichukua neno upande wake mwenyewe. Kwa Waskoti kazi kubwa ni kusoma hati za mkono wa zamani. Kwa Kyela kazi kubwa ni kusoma staha.

Yapasa, basi, kazi hii ifanywe sasa, na ifanywe kwa vipimo vya mahali pake. Daftari la mwanafunzi lisiwe na nafasi moja ya baba, bali mbili: aliyezaa na aliyelea. Liandike jina la kuzaliwa na la ubatizo, na kama jina ni la mtu au ni la cheo. Liandike ng'ombe wa mahari walitoka kwa nani. Liandike mti, na aliyeuonyesha. Vitabu vya ubatizo vya sharika za Ipyana, Matema na kwingineko vipigwe picha kabla unyevu haujavimaliza, na nakala zake zibaki kwa wenyewe. Edinburgh na Herrnhut zitangoja, kwa maana karatasi zake zimehifadhiwa pakavu. Bibi vizee wa Kyela hawatangoja. Nao, mwanafunzi akifika, aje asubuhi, apige goti, na awe tayari kuyatamka majina yeye mwenyewe.